Kitabu Ninachosoma kwa Sasa

Tangu Ijumaa iliyopita vijana wa bodaboda pale stendi ya Karatu wananiita Mzee Fisi. Wananiita kwa adabu zote: "Shikamoo, Mzee Fisi." Naitikia marahaba kwa sababu salamu haikataliwi. Nikishawapa mgongo, mmoja wao anatoa mlio wa fisi, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba anautoa vibaya. Fisi akiita huanzia chini na sauti ikapanda mwishoni. Huyu anaanzia juu anashuka.

Chanzo ni siku ya usomaji. Shule moja ya msingi hapa mjini iliwaomba wazazi wachache wasimame mbele ya darasa la sita, kila mmoja aseme anasoma kitabu gani kwa sasa na kwa nini anakipenda. Mgeni rasmi alikuwa afisa elimu kata. Mabibi na mababu walikuwa kwenye viti vya plastiki nyuma, na soda zilishapangwa mezani.

Mzazi wa kwanza alisema anasoma Biblia. Makofi. Baada ya hapo nani amuulize swali? Wa pili, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alisema Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki, akalieleza jalada lake vizuri sana. Wa tatu akataja Kusadikika cha Shaaban Robert, "kitabu chenye mafunzo mengi," na mafunzo yenyewe akayaacha hukohuko Kusadikika. Zamu yangu ikafika. Mimi nikasema kweli.

Kitabu ninachosoma kwa sasa ni The Behavior Guide to African Mammals cha Richard Estes, kilichotoka mwaka 1991, kurasa zaidi ya 600. Estes aliishi ndani ya kreta ya Ngorongoro miaka ya 1960 akiwafuatilia nyumbu. Kitabu hiki kinakaa mbele ya usukani wangu mwaka mzima na sikisomi kwa kufuata kurasa. Nafungua kwa mnyama aliyenikalia rohoni. Kwa sasa aliyenikalia ni fisi. Na fisi wa Estes amenipeleka kwa Hans Kruuk, Mholanzi aliyewachunguza fisi wa Serengeti na Ngorongoro miaka hiyohiyo, akatoa The Spotted Hyena mwaka 1972. Hebu niwaeleze nilichowaeleza watoto, muamue wenyewe kama kuna kosa.

Sisi tunaowashusha watalii kreta alfajiri tumeliona hili hadi tumelizoea: simba wanakula nyumbu, fisi wamekaa pembeni wanameza mate. Mgeni anapiga picha, anamwonea simba huruma kwamba amehangaika usiku kucha na sasa wavivu wanataka kula dezo. Kruuk hakungoja alfajiri. Alikaa nao usiku, mbalamwezi ikiwaka, ndani ya Land Rover. Akaona kwamba humo kreta, mara nyingi, aliyemuua nyumbu ni fisi. Wanapoanza kula wanapiga kelele, simba anazisikia, anakuja, anawatimua wenye mali. Jua linapochomoza mnyang'anyi yuko mezani, mwenye mali yuko pembeni, na ndipo magari yetu yanapofika. Miaka yote tumekuwa tukiwahi kuona mwisho wa mchezo na kumlaumu aliyeibiwa.

Darasa zima lilinyamaza. Mvulana mmoja akaacha kuchokonoa dawati. Ningeishia hapo, leo ningekuwa na jina langu.

Lakini unawezaje kuishia hapo wakati hujafika kwenye koo? Kreta ina koo nane za fisi, na watafiti wa taasisi ya Leibniz ya Berlin wanazifuatilia tangu 1996: ukoo wa Munge, wa Lemala, wa Engitati, wa Ngoitokitok, wa Shamba na wenzao. Kila fisi ana madoa yake yasiyofanana na ya mwingine, na kwa madoa hayo anajulikana tangu utotoni. Kila ukoo una eneo lake, na mipaka wanaiweka kwa mavi, ambayo yakikauka ni meupe kwa sababu ya mifupa wanayotafuna. (Neno mavi lilileta kicheko cha kwanza. Nilidhani mambo yanakwenda vizuri.)

Anayetawala ni jike. Mtoto hurithi cheo cha mama yake, na aliyezaliwa mwisho kwa kawaida huwekwa juu ya dada zake waliomtangulia. Madume wengi wakikua huhama kwenda ukoo mwingine, na huko dume mgeni anaanzia chini kabisa, chini hata ya watoto. Anafukuzwa, anarudi, anafukuzwa tena, anarudi ameinamisha kichwa. Akishapokelewa hapandi cheo kwa kupigana. Anapanda kwa foleni: waliomtangulia wafe au waondoke, naye asogee. Na hapa ndipo penye utamu ambao sikuweza kuumeza peke yangu. Mwaka 2007 watafiti hao wa kreta walionyesha katika jarida la Nature kwamba jike kijana huwapendelea madume walioingia kwenye ukoo baada ya yeye kuzaliwa. Hana namna ya kumtambua baba yake, kwa kuwa baba hajihusishi na malezi. Lakini kwa kanuni hiyo moja tu, dume yeyote anayeweza kuwa baba yake ameshaondolewa kwenye hesabu. Hakuna aliyemfundisha. Hakuna kikao.

Yule mvulana akanyoosha mkono. "Kwa hiyo baba anakula wa mwisho?"

"Wa mwisho kabisa," nikasema. "Huyo si mwenyeji. Amekuja kwa watu, na lazima ajue hivyo."

Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba mgeni rasmi amehamia Karatu mwaka huu na anaishi kwa wakwe zake.

Msichana wa dawati la mbele naye akasimama. Nilikuwa nimegusia kwamba jike wa fisi ana umbo la nje linalofanana na la dume kiasi kwamba zamani watu waliamini fisi ni huntha. "Sasa kama wanafanana," akauliza, "huyo mama anazaaje?"

Nikajibu. Swali limeulizwa na mwanafunzi, siku ni ya usomaji, jibu lipo kitabuni. Nilijibu kwa ufupi na kwa maneno ya kisayansi. Mwalimu Mkuu akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Mwenye Biblia akafungua Biblia yake. Mama watoto, aliyekuwa safu ya tatu, akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba na hakukipata hadi shughuli ilipokwisha.

Hata hivyo aliyenimaliza ni bibi mmoja wa safu ya nyuma, aliyekuwa ametulia muda wote na mtandio wake. Akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, haya ya ndani ya nyumba zao umeyajuaje?"

Mkazi wa huku anaelewa uzito wa swali hilo. Kule Mbugwe, chini ya ukingo wa bonde la ufa, inasimuliwa tangu zamani kwamba fisi wana wenyewe, na mchawi humpanda fisi wake usiku akaenda kwenye shughuli zake. Bibi hakuwa anauliza habari za wanyama.

"Nimesoma, bibi," nikasema.

"Na huyo aliyeandika?"

"Yeye alikuwa anakaa nao usiku."

Bibi akaegemea kiti, akawatazama wenzake. Kesi ilikuwa imekwisha. Soda niliyopewa ilikuwa ya moto.

Mengine yaliyonipata kwa ajili ya vitabu mwaka huu ni madogo. Pale Ngoitokitok mwewe alininyakulia paja la kuku kutoka kwenye lanchi boksi nikiwa nimezama kwa Estes. Mama mkwe aliikuta Rosa Mistika kitandani, akauliza kwa nini nasoma kitabu ambacho enzi zao kilipigwa marufuku shuleni, kisha akaondoka nacho. Na mgeni mmoja aliponiona kivulini nikisoma Peponi, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, alininyemelea na kunipiga picha kana kwamba ameona kifaru.

Jina la Mzee Fisi nitalizoea. Nisilolizoea ni hili: yule mvulana alinifuata hadi getini akauliza kile kitabu kinapatikana wapi. Nikamwambia ni cha Kiingereza. Akasema atajitahidi. Nikamwambia vitabu vya aina hiyo nimekuta vikiuzwa kwenye maduka ya loji, kwa dola, na bei sikumtajia. Maduka ya mjini ninayoingia mimi yana madaftari, vitabu vya kiada na maswali na majibu ya mitihani, na mtu mzima akionekana na kitabu kingine chochote anaulizwa anasomea nini. Fisi wa Lemala ana nasaba iliyoandikwa tangu 1996, mama kwa binti, binti kwa mjukuu. Mtoto anayemsikia fisi usiku akiwa kitandani kwao sisi tunampa methali ya njia mbili, tunampa na hadithi ya mlafi aliyepasuka msamba, tunafunga somo.

Na si fisi peke yake. Pale ukingoni mwa kreta tunawashusha wageni kwenye kaburi la Michael Grzimek, aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1959 wakati yeye na baba yake, Bernhard, wakihesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani, ndege yao imepakwa milia ya punda milia. Kitabu cha baba mtu kilienea duniani, na filamu yao ikapata tuzo ya Oscar. Wageni wengi wanafika wameshakisoma. Sisi tumesoma jiwe la kaburi. Wanauliza, tunajibu kutoka kwenye jiwe. Nchi yetu imeandikwa vizuri mno, kwa ajili ya watu wa kwingine, na hilo limeanza kunichosha kuliko barabara ya kushuka kreta.

Basi ukiniuliza hadithi, nitakwambia sina makuu. Napenda Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, na namna anavyomwacha kila mtu aseme mpaka ajikamate mwenyewe. Nilikuwa na Mzimu wa Watu wa Kale, bado ninacho. Nilikuwa na Duniani Kuna Watu, hicho nilimwazima mwenzangu wa kazini, naye nasikia amemwazima mwingine wa Mto wa Mbu. Uliye nacho unajijua. Jalada lina alama ya kikombe cha chai, na kurasa za katikati zimeshikwa kwa gundi. Kiache kwa mama lishe yeyote wa stendi, atanifikishia, sitauliza jina. Mama watoto alikuwa amefika katikati, na muuaji ananidai mimi.