Waheshimiwa, Tupigeni Msasa kama Wawekezaji

Kwa: Baraza la Usalama wa Taifa, Harambee House, Nairobi.

Kupitia kwa: Chifu, Naibu Kamishna wa Kaunti, na yeyote mwingine ambaye barua ya mtu wa Garbatulla ni lazima ipitie mikononi mwake.

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA KWENYE DAFTARI LA RAIA NA KUINGIZWA KWENYE DAFTARI LA WAWEKEZAJI

Waheshimiwa,

Sisi ni wafugaji wa Garbatulla, kaunti ya Isiolo. Hatutajitambulisha kwa kirefu kwa kuwa mafaili yetu mnayo, na baadhi yake yanatuzidi umri. Vita vya Shifta vilipozuka mwaka 1963, Serikali changa ya uhuru ilitupa uangalizi ambao hakuna tajiri wa ng'ambo aliyewahi kuupata: tukatangaziwa hali ya hatari, tukakusanywa kwenye vijiji vya kulindwa, Garbatulla ikiwa kimojawapo, na ngamia wetu wakateketea kwa njaa na risasi. Wazee hukiita kipindi hicho Gaf Daba. Mwaka 1970 Bunge likatunga sheria ya kuwakinga maofisa waliofanya kazi hiyo wasishtakiwe, na Isiolo ikatajwa humo kwa jina. Ni wilaya chache katika Jamhuri hii zilizowahi kupewa heshima ya kutungiwa sheria yao.

Tunashukuru. Ila tumechoka kuangaliwa kwa makini kiasi hicho, na tumegundua kwamba kuna njia halali ya kuponyoka. Njia yenyewe ni kuwa mwekezaji.

Tueleze tulivyofikia hapo. Kijana wa huku alipotimiza miaka 18, alizoea kuombwa zaidi ya alichoombwa mwenzake wa Nyeri au Kakamega. Barua ya chifu, vitambulisho vya wazazi, jina la babu, ukoo, kisima ambako babu alinywesha ng'ombe, kisha wazee wa kumpiga msasa wamtazame na kuamua kama anafanana na Mkenya. Kwa miongo kadhaa Mborana, Msomali na Mnubi walilifanya zoezi hili hadi wakalizoea kama foleni ya maji. Februari 2025 Mheshimiwa Rais alifika Wajir akatia saini tamko la kuufuta msasa huo wa ziada, nasi tukapiga makofi. Zaidi ya miaka 60 baada ya uhuru, makofi si kitu cha kunyimana.

Sasa tazameni alivyopokewa mwenzetu, yule mwenye tufe.

Mradi wa Worldcoin ulikuja na chombo cha mviringo kama tufe, king'aacho, kinachopiga picha mboni ya jicho. Nyuma yake ilikuwako kampuni ya Tools for Humanity, ambayo mmoja wa waasisi wake ni Sam Altman, mkuu wa OpenAI, pamoja na mamilioni ya dola ya wafadhili wa Marekani. Tangu 2021 walikuwa wakikusanya mboni za Wakenya kwa majaribio. Aprili 2023 kampuni hiyo ikapata cheti cha usajili kutoka Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Julai mwaka huo huo mradi ukazinduliwa rasmi, na maelfu ya vijana wakajipanga kwenye jumba la mikutano la KICC, kila mmoja akitoa jicho kwa sarafu 25 za kidijitali, zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi.

KICC, Waheshimiwa. Kutoka hapo hadi Harambee House hamhitaji gari. Ni barabara ile ile. Hakuna aliyeliuliza tufe jina la babu yake. Hakuna aliyetaka barua ya chifu wa San Francisco. Kufikia tarehe 2 Agosti 2023, Wizara ya Usalama wa Ndani iliposimamisha shughuli hiyo kwa hofu ya usalama wa umma, watu wapatao 350,000 walikuwa wamekwisha kukodolewa. Ilibidi Bunge liunde kamati, mashirika ya kiraia yaende kortini, na hatimaye Mei 2025 Mahakama Kuu iamuru data hizo zifutwe ndani ya siku saba. Mtoto wa Garbatulla alikaguliwa kwanza ndipo akapewa kitambulisho. Tufe lilipewa cheti kwanza, likakaguliwa jicho la mwisho lilipokwisha kupigwa picha.

Hapo ndipo tulipoamka. Tulidhani usalama wa taifa unahofia wageni. Kumbe unahofia wageni wasio na mtaji.

Tukaanza kufuatilia mambo ya wakubwa. Baada ya shambulizi la Westgate mwaka 2013, Serikali ilitafuta mfumo wa mawasiliano ya polisi na kamera za barabarani za Nairobi na Mombasa. Kazi hiyo, ya takribani shilingi bilioni 15, ikapewa Safaricom, na mitambo ikatoka Huawei ya China. Sawa, askari lazima aongee na mwenzake, na redio za zamani zilikuwa za kukoroma tu. Lakini Desemba 2025 Serikali ikatangaza kwamba kati ya asilimia 35 ya hisa inazomiliki Safaricom, itaiuzia Vodacom ya Afrika Kusini asilimia 15, kwa shilingi 34 kila hisa, jumla ya zaidi ya shilingi bilioni 200. Mnunuzi afikie asilimia 55, nanyi mbaki na 20. Kampuni hiyo ndiyo inayobeba M-Pesa ya taifa zima, na simu ya mama anayeuza maziwa ya ngamia Kulamawe. Bei mmetueleza hadi senti. Ambacho hatukusikia mkikieleza kwa sauti iyo hiyo ni nani atakayeshika ufunguo wa chumba cha data siku Wakenya watakapokuwa wenye hisa wachache ndani ya nyumba yao.

Kisha kuna afya. Mfumo wa kidijitali wa bima ya afya ya jamii, SHA, wa shilingi bilioni 104.8, ulipewa muungano wa kampuni unaoongozwa na Safaricom. Mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Serikali akaandika kwamba umiliki wa mfumo huo haumo mikononi mwa Serikali. Maana yake, mgonjwa wa Garbatulla anaweka kidole kwenye kifaa, anangoja mtandao urudi, unarudi, unapotea, anangoja tena. Na kidole hicho, akikubaliwa, kinaingia kwenye nyumba ambayo Serikali yake ni mpangaji. Sisi ndio tunaosifika kwa kuhamahama, lakini hata tuhame vipi hatujawahi kulipa mabilioni kwa boma lisilo letu.

Mtatuambia kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ipo, nasi tunaipenda. Mwaka huo huo mlituandikisha kwenye mfumo wa utambulisho wa Huduma Namba. Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema kuchukua vinasaba na data za GPS za makazi ya mtu ni kinyume cha Katiba. Oktoba 2021 ikasema hata utoaji wa kadi uliruka tathmini ambayo sheria hiyo inaitaka. Sheria tunazo. Kinachokosekana ni mtu wa kuzisoma kabla ya mgeni kukata utepe.

Ili msituone wagomvi, tunawaletea ujuzi wetu bila malipo. Huku kwetu malisho na maji ya kiangazi husimamiwa na baraza la wazee liitwalo dedha, na kila kisima kina aba herega wake, msimamizi wa zamu. Mgeni akija na mifugo yake hafukuzwi. Kumfukuza mwenye kiu ni aibu. Lakini kabla ng'ombe wake wa kwanza hajainamisha kichwa, anaketishwa na kuulizwa. Umetoka wapi, na huko kumekuwaje hata ukatoka? Mifugo ni yako au unachunga ya tajiri asiyeonekana? Wangapi? Wana ugonjwa? Utakaa mvua ngapi? Ukiharibu, nani wa ukoo wako atalipa? Akijibu vizuri, anywe. Akijiumauma, anaonyeshwa njia.

Hebu jaribuni maswali hayo kwa mwenye tufe. Umetoka wapi na kwa nini hukuanza kwenu? Sarafu hizo hazikutolewa kwa wakazi wa Marekani wakati mradi ulipozinduliwa. Swali la kwanza tu lingezaa mazungumzo marefu. Data ni yako au unamchungia tajiri? Una macho mangapi tayari? Utaondoka lini, na ukiondoka utaacha nini? Hapa tunawakumbuka Loon, kampuni dada ya Google, waliorusha puto za intaneti juu ya Kenya Julai 2020, zikashangiliwa kama mwezi wa Idi, na kufikia Machi 2021 huduma ikawa imezimwa kwa sababu biashara haikulipa. Hatuwalaumu kwa kufunga kazi. Kila mtu hupoteza mifugo. Aba herega angewauliza tu mapema.

Wala msidhani tunaiogopa teknolojia. Zaidi ya miaka 10 iliyopita wazee wa dedha wa Isiolo walikaa na wataalamu mbele ya picha za setilaiti, wakaonyesha kila kisima, kila njia ya ng'ombe, kila malisho ya akiba, ramani ikachorwa kwa kompyuta. Walijua inachorwa kwa ajili ya nani, na itatumika wapi. Ilikuwa teknolojia ngeni, wenye mali wakiwa macho.

Ombi letu sasa. Tunaomba tukubaliwe kuwa wawekezaji katika usalama wa taifa, na prospektasi yetu ni hii. Tunaleta mtaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Tunaleta mfumo wa onyo la mapema: mchungaji akiona nyayo za watu wasiojulikana, habari hufika kijijini kabla chai haijapoa, bila kamera na bila Huawei. Tunaleta vijana wa polisi wa akiba, wanaolinda mifugo na barabara kwa silaha kuukuu. Hayo yote mmeyatumia miaka mingi bila kutulipa gawio hata moja.

Kwa upande wenu tunaomba vivutio vya kawaida. Picha ya kushikana mikono Ikulu. Msamaha wa kodi. Kusubiri kwenye ukumbi wa watu mashuhuri katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Isiolo, uliofunguliwa 2017, ambao kwa hali ilivyo hautakuwa na msongamano. Barabara ya Isiolo hadi Mandera ikijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na waya wa faiba kando yake, waya huo uruhusiwe kusimama kwetu kidogo, usipite tu ukitutimulia vumbi. Na kibali cha mbuzi kifutwe: leo mbuzi wa Garbatulla hawezi kupakiwa kwenye lori kwenda kaunti nyingine bila karatasi ya daktari wa mifugo. Kama hakifutiki, basi mtu mzima, mwenye alama za vidole, mboni, historia ya ugonjwa na deni la Fuliza, data zake zisiwe na ulinzi pungufu kuliko wa mbuzi.

Kama kutusajili upya kuna ugumu, tuna ombi la pili, jepesi zaidi. Ibara ya 238 ya Katiba inaueleza usalama wa taifa kuwa ni kulinda mipaka na enzi ya nchi, na pia watu wake, haki zao, uhuru wao na mali yao. Data ni mali, na jicho ni mtu. Marekani, nyumbani kwa mwenye tufe, ina kamati tangu 1975 inayochunguza mitaji ya kigeni kwa jicho la usalama. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 2021. Wanaotuletea fedha wanajua fedha hukaguliwa, ndiyo maana kwao hukagua. Nasi tunataka mkataba wowote unaogusa data za Wakenya, uwe wa simu, hospitali, kamera au akili unde, uketishwe kwanza mbele yenu, uulizwe maswali ya kisimani, na majibu yachapishwe ili mwenye jicho ayasome.

Tunajua mna kazi nyingi, na kwamba barua hii itaanza kwa kuchunguzwa imetoka kwa nani. Tuko tayari. Majina ya babu zetu tunayo hadi vizazi saba. Mkitukubalia, njooni mnywe chai. Mkitukatalia, tunaomba jambo moja tu: mtuandikie sababu. Kama ni kwamba asili yetu haijulikani vizuri, andikeni. Kama ni kwamba fedha zetu hazina chanzo kinachoonekana, andikeni. Kama ni kwamba tunaweza kuvuka mpaka wakati wowote na kila tulichochuma hapa, andikeni na mpige muhuri. Karatasi hiyo tutaitoa nakala, tuibandike kwenye mlango wa kila ofisi inayotoa leseni nchini, na mwekezaji ajaye asomewe sababu hizo hizo moja baada ya nyingine.

Wenu watiifu,

Wafugaji wa Garbatulla
(Mtaji wa Kigeni Mtarajiwa)