Kesi ya Mama wa Uyoga

Kichuguu kimoja cha mtaa wa Hewa Bora, kirefu kuliko paa la nyumba jirani, kilianza kukonda kwa ndani. Nguzo ambazo mchwa huzibomoa na kuzijenga upya kila siku zikawa zinabomolewa tu. Wazee wakaita baraza, na mshtakiwa akawa Mama wa Uyoga, mtunza bustani ya chakula.

“Mama, unatunyima,” alisema mzee wa kwanza. Wa pili akaapa kwamba kichuguu kimelogwa na Mama ndiye aliyefungua mlango usiku. Wa tatu akataka vikapu vyake vipimwe. Vikapimwa, vikakutwa vimejaa, na uyoga wa juzi haujaguswa.

Askari kizee wa lindo la kooni akaomba kusema. “Wazee wangu, mmepima vikapu. Lile rundo la kooni nani kalipima?”

Pale kooni mchwa kadhaa walikuwa wamekataa amri ya kuacha kuzaana, wakajazana hadi njia ya chakula ikabana. Wazee walilijua hilo, wakaliona ni shida ya mlango. Askari akawaeleza la pili: rundo, pamoja na walinzi wanaopigana nalo, linatoa harufu, na mchwa hutii harufu. Moja ilimfikia malkia ikamwambia ameshiba. Nyingine ziliwafikia wabomoaji wawili, Atrojini na Murufu, ambao kazi yao halali ni kutia alama udongo uliochakaa ili ukasagwe. Sasa wanatia alama nguzo nzima. Wajenzi nao wameletewa harufu ya kuwazuia kazi.

Kichuguu ni mwili wetu, rundo ni uvimbe wa saratani, na majina ya wabomoaji hao nimeyatoa humo mwilini. Atrojini-1 na MuRF1 ni vimeng’enya vinavyobandika alama iitwayo ubikuitini kwenye protini za misuli, kisha protiasomu, kinu cha seli, inazisaga. Vilitambuliwa mwaka 2001 kwa uchunguzi wa panya. Harufu za kubomoa ni TNF na interlukini-6. Za kuzuia ujenzi ni mayostatini na aktivini. Inayokata hamu ya kula ni GDF15, ambayo kipokezi chake kiligunduliwa mwaka 2017 kwenye shina la ubongo. Basi mgonjwa wa saratani ya tumbo au umio anaweza kupoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake kwa miezi 6, hali ambayo madaktari wanaiita kakeksia, huku bukari na sombe vikipoa mbele yake na mkewe akisemwa na ukoo mzima. Kumsema mama huyo ni dhuluma. Ameshapika, amebembeleza, amelia jikoni, na amri inayomkondesha mumewe haitoki kwenye sufuria.

“Tukiongeza vikapu mara tatu?” aliuliza mzee wa kwanza, sauti imepungua.

“Kulisha ni lazima, baba, maana njaa nayo inabomoa,” alijibu askari. “Ila chakula peke yake hakimnyamazishi Atrojini. Twende kwenye rundo, na harufu zizibwe.”

Kuziba kumeanza kujaribiwa. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya ponsegromabu, kingamwili inayoinasa GDF15, kwa wagonjwa 187 wa saratani za mapafu, kongosho na utumbo mpana waliokuwa wakikonda. Baada ya wiki 12, waliopewa dozi kubwa zaidi walikuwa wameongezeka takriban kilo 2.8 kuliko waliopewa dawa bandia. Wa tumbo na umio hawakuwamo, nao ni miongoni mwa wanaokonda zaidi.

Baraza likamwachia Mama wa Uyoga. Yeye hakuondoka. Akawataka wote waliomshtaki washuke naye kooni siku hiyohiyo, wenye meno wakaling’ate rundo, wenye nguvu wakapanue njia, na wajenzi watembezwe kila asubuhi wasilegee.

“Na vikapu atabeba nani?” aliuliza mzee wa tatu.

“Wewe, baba. Vidogo vidogo, mara nyingi kwa siku, na malkia akikataa usimgombeze. Rudi baadaye.”