A ya London, Jasho la Nairobi

Mwanafunzi wa Uingereza, wataka A? Maktaba ya nini? Tafuta kijana wa Nairobi mwenye shahada isiyo na kazi na chupa ya strungi mezani. Wewe ukikoroma, yeye anakuandikia kurasa kumi za uuguzi, fani ambayo hajawahi kuisomea, na marejeo yamekaa sawa hadi nukta ya mwisho. Sheria ipo, tusidanganyane: England iliharamisha biashara hiyo mwaka 2022. Lakini inamlenga muuzaji. Wewe mnunuzi, jihadhari na chuo chako tu. Joho litakupendeza. Naye mwandishi wako akitaka kuja kusoma huko, ataambiwa kwanza athibitishe kwamba anajua Kiingereza.