Chokoleti ya Wageni

Nyumbani kwetu Tabata kitu kizuri hakiliwi siku kinapoingia. Kinawekewa wageni. Mashuka mapya yanawekewa wageni, sahani zenye maua vilevile, na mwezi wa Januari ikawa zamu ya chokoleti aliyotuletea wifi yangu kutoka Marekani, siku chache kabla ya wakwe kuja kuleta posa ya binti yetu.

Hii haikuwa chokoleti ya kutafuna ukisubiri daladala. Kwenye karatasi yake paliandikwa Kilombero, Tanzania, kakao asilimia 70. Wifi alituhadithia kwa fahari. Kule Kilombero wapo Kokoa Kamili, wanaonunua kakao mbichi kwa wakulima wadogo, ingali na utelezi wake mweupe, kisha wanaichachusha wenyewe kwa siku kadhaa na kuikausha. Ladha inaanzia hapo. Punje zinasafirishwa nje, na watengenezaji wadogo wanazikaanga na kuzisaga. Hizi sasa zilikuwa zimerudi nchini zikiwa zimevaa karatasi nzuri.

"Kuleni ingali nzuri," wifi alisema.

Baba watoto alikuwa ameshaanza kupanga paketi kwenye kabati la vioo sebuleni, ili wakwe wazione wakiingia tu. Mama mkwe akamtazama, akatikisa kichwa. "Mwanangu, kwa joto hili la Dar? Kitu cha mafuta mahali pake ni friji." Mtoto hakutaka kubishana na mama yake mbele ya watu, na mama hakutaka kumvunjia mwanawe heshima. Wakaafikiana: nusu kabatini, nusu kwenye friji. Wifi akachukua paketi moja, akaitia kwenye mkoba wake katika chumba cha wageni, ambacho ndicho pekee chenye kiyoyozi.

Kuanzia hapo kila upande ulipata masaibu yake. Kabati linatazamana na dirisha, na jua la mchana likipiga vioo ndani kunakuwa tanuri. Chokoleti ikalegea mchana na kukaza usiku. Kwenye friji ilikuwa jirani na vipande vya nguru na bakuli la kitunguu saumu kilichosagwa. Wajukuu nao walikwisha kuzichungulia paketi, karatasi zikabaki wazi. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, na kila friji ilipofunguliwa hewa ya unyevu iliingia ikageuka matone juu ya chokoleti.

Siku ya posa, baada ya salamu na barua kusomwa, sahani yenye maua ikaletwa. Chokoleti yote ilikuwa na weupe juu yake. Mshenga akachukua kipande, akakigeuza, akakirudisha polepole. Mama mkwe akaniinamia: "Imeota ukungu. Ondoa, mwanangu, tusiaibike."

Wifi akaomba ruhusa kwa wazee. Akachukua kipande cha kabatini, akakisugua kwa kidole. Weupe ukayeyuka, kidole kikang'aa mafuta. Akachukua cha kwenye friji, akasugua tena. Weupe haukutoka, na kidole kilihisi mikwaruzo ya chembechembe. "Huu si ukungu, mama," alisema. "Hapa mafuta yamepanda juu. Hapa ni sukari."

Akaeleza. Mafuta ya kakao yanaweza kuganda kwa namna sita za fuwele. Fundi wa chokoleti huipasha na kuipoza kwa vipimo ili apate namna ya tano, inayong'aa, inayovunjika kwa mlio, na inayoyeyuka kwenye kama nyuzi 34, chini kidogo ya joto la mwili. Ndiyo maana haiyeyukii haraka mkononi lakini hujiachia ulimini. Ikiyeyuka kabatini na kuganda yenyewe, mpangilio ule umevurugika. Ile ya friji iliponzwa na maji. Matone huyeyusha sukari ya juu, na yakikauka huacha chembe. Tena mafuta hunasa harufu, kwa hiyo nguru na kitunguu saumu vilishaingia ndani yake.

Hapo shangazi wa kijana anayeposa, mwenyeji wa Ifakara, akadakia. "Ni kweli kabisa. Kakao ni hivyo tangu shambani. Ukiikaushia karibu na moshi, ule moshi hautoki tena."

Wifi akaleta paketi ya mkobani. Ikavunjika *tak*, mkato safi, weusi wake ukielekea wekundu. Alituomba tusitafune, tuiache iyeyuke. Kwanza ukaja uchungu mwembamba, kisha uchachu wa matunda, kisha utamu uliokaa koo zima. Halafu tukaonja ya kabatini: ilimung'unyika kama chaki, na yale matunda yakawa mbali. Ya friji ilianza kwa utamu na kumalizikia kwa nguru. Zote zilitoka kwenye sanduku moja, siku moja, mkono mmoja. Mshenga akaomba kipande kingine cha ile ya mkobani, na mazungumzo ya mahari yakaendelea kwa sauti za watu walioridhika.

Ya kabatini haikutupwa, kwa sababu haina madhara. Jioni mama mkwe aliiyeyusha kwenye maziwa ya moto akatia iliki, na wakwe wakanywa. Ya friji ilishindikana.

Wifi alituachia maelekezo ninayoyafuata mpaka leo. Chokoleti inataka nyuzi 15 hadi 18, pakavu, gizani, mbali na harufu. Kwa Dar bila kiyoyozi friji haiepukiki, basi ifungwe barabara kwenye karatasi yake, iingie kwenye chombo kisichopitisha hewa, na ikitolewa isifunguliwe mpaka ipoteze ubaridi, ili matone yaishie nje ya chombo. Nyeusi hustahimili kuliko ya maziwa. Yenye krimu ndani ni ya wiki chache tu. Na hata ukiitunza vizuri, hewa na muda hupunguza harufu yake taratibu.

Nimeyatafakari sana haya, kwa sababu wakulima wa Kilombero na mafundi wa mbali waliifanyia kazi ladha ile kwa uangalifu mkubwa, na sisi tuliimaliza kwa kuithamini vibaya. Tulidhani kumheshimu mgeni ni kumngojea na kitu kizuri, wala hatukuangalia kama kitu chenyewe kinaweza kungoja. Sahani inaweza. Shuka linaweza. Chokoleti nzuri ina siku zake. Ndiyo maana siku hizi nikiipata naigawa kwa waliopo nyumbani wiki hiyohiyo, mama mkwe akiwa wa kwanza, na mgeni akija nampikia kilicho kibichi siku hiyo.