Vigoda vya Kutazama

Sina ugomvi na sanaa. Ugomvi wangu ni wa magoti. Ukienda kanisani utapata benchi, ukienda msibani utatafutiwa hata ndoo uigeuze ukalie, lakini makumbusho unalipa kiingilio halafu unasimamishwa kama mwanafunzi aliyechelewa namba.

Mke wangu haoni tatizo hapo. Ndiye aliyeamua kwamba likizo hii hatukai Mbeya kubishana na wanunuzi wa viazi, tunakwenda Iringa kutazama makumbusho, na shangazi yangu wa Tukuyu aje naye, maana mtu mzima anahitaji kubadilisha hewa. Nilisema kwamba hewa ya Iringa na ya Mbeya ni baridi ileile. Hakuna aliyenijibu. Makambako kondakta alitupa dakika kumi za kula, karibu zote zikaishia kwenye foleni ya chipsi, na kutoka Ipogolo tulipanda kilima cha mjini hadi Boma la makumbusho kwa bajaji iliyokuwa ikihema kuliko mimi.

Boma lenyewe ni zuri, siwezi kulisingizia. Wajerumani walilijenga zaidi ya karne moja iliyopita, Waingereza wakalifanya ofisi, na baada ya uhuru likaendelea kuwa ofisi hadi lilipofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Maana yake ni kwamba babu za watu walisimama kwenye baraza zile wakisubiri kuitwa na bwana mkubwa, na sisi tumelipa nauli kutoka Mbeya ili tukasimame palepale kwa hiari yetu. Kijana wa kutuongoza alitusalimu "Kamwene", shangazi akaitikia kwa Kinyakyusa, wakaelewana vizuri kuliko ninavyoelewana na mke wangu kwa Kiswahili.

Aliyefaidi ni shangazi. Yeye hakutembelea makumbusho, aliyakagua. Mbele ya vyungu alitikisa kichwa, akamweleza kijana kwamba vyungu vya kweli ni vya Wakisi, aende Matema siku ya soko akajionee. Kwenye vibuyu aliuliza bei. Kwenye kinu akasema, "Kwangu kipo kama hiki, tena chenyewe kinatwanga."

Mimi nilikuwa nimeshaona kigoda. Kigoda cha gogo moja, kimechongwa na fundi aliyejua makalio ya binadamu yanataka nini, na pembeni yake karatasi: usiguse. Nilimuuliza kijana kama kukalia nako ni kugusa. Akacheka kwa adabu, akasogea akasimama kati yangu na kile kigoda, na hakubanduka hapo mpaka tulipotoka chumba kile.

Kesho yake tukaenda Kalenga, na huko nililalamika kwa haki kabisa. Huko kuna jumba dogo la makumbusho, na ndani yake fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe. Mwaka 1898 alijipiga risasi ili Wajerumani wasimkamate akiwa hai, wao wakakata kichwa wakakipeleka Ujerumani. Mwaka 1919, katika Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, mataifa makubwa yalikaa yakaandika kwamba fuvu lirudishwe ndani ya miezi sita. Miezi sita! Gavana Edward Twining alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, tarehe 19 Juni 1954, baada ya kulitafuta kati ya mafuvu mengi yaliyohifadhiwa kwenye makumbusho ya Bremen. Hiyo ni miaka 35, na karatasi ilisainiwa mbele ya dunia nzima. Halafu fundi wangu wa cherehani pale Mwanjelwa akichelewesha suruali wiki mbili, naambiwa Mwafrika ndiye hana muda.

Tulipokuwa tunatoka, simu ya mke wangu ikalia. Ni mdogo wake anayeishi Berlin. Naye alikuwa amekwenda kwenye jumba lao la sanaa, Alte Nationalgalerie, na kusikia dada yake yuko makumbusho, akatuelekezea kamera kwenye mchoro wa Caspar David Friedrich. Mtawa amesimama kando ya bahari. Mtawa mwenyewe ni mdogo kama punje ya mtama, kilichobaki chote ni mbingu.

"Rangi ilimwishia?" shangazi akauliza.

Shemeji akaeleza kwa upole kwamba ule ni upweke wa binadamu.

"Mtawa si ana nyumba na wenzake? Ufukweni anatafuta nini?"

Wao wakabishana, mimi nikaona jambo jingine. Shemeji alikuwa anaongea akiwa amekaa. Kwenye benchi, katikati ya chumba, miguu ameinyoosha. Wivu wa Ulaya ambao watu husimulia ukanipata siku hiyo.

Jioni tukamalizia Igeleke, nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Dodoma. Pale kuna jabali ambalo watu wa kale walilichora kwa rangi nyekundu, watu na wanyama, kabla hata ya kuwapo mtu wa kukatisha tiketi. Hakuna taa wala kioo. Kuna mawe, kila mtu na lake, na kwa mara ya kwanza katika safari nzima nilitazama sanaa vizuri. Shangazi alichagua mnyama mmoja akasema huyo ni mtamba, tena ana mimba. Mwenyeji wetu akasema ni wa porini. Shangazi akamuuliza amefuga ng'ombe wangapi, ubishi ukaishia hapo.

Mke wangu akapiga picha akaituma Berlin. Jibu likaja haraka: nani kachora, na mwaka gani? Shangazi akaomba simu, akabonyezewa kitufe cha sauti, akaisogeza mdomoni.

"Aliyechora hakuandika jina, na rangi haijamwishia mpaka leo. Sasa wewe mwanangu, ile hela ya mbolea ulisema Ijumaa. Ijumaa ipi?"