Kitabu cha Ukoo wa Sambaza

Hapo kale, tena kale isiyo ya mbali sana, katika maji yaliyo chini ya mtaa wa Nguba, mahali ambapo Ziwa Kivu huchoka kuwa ziwa na kuanza kuwa mto Ruzizi, uliishi ukoo wa Sambaza. Walikuwa samaki wadogo, wembamba, wenye mbavu za fedha, na wingi wao ulikuwa umepindukia kiasi kwamba katika mji ulio juu ya maji, tangu majumba ya ufukweni yaliyojengwa enzi mji huo ukiitwa Costermansville hadi vibanda vilivyopandana kwenye kilima cha Kadutu, hapakuwa na chungu ambacho hakijapata kuwapokea. Mapokezi hayo wao waliyahesabu kuwa heshima. Na aliyeshiba heshima, akishapiga mbweu, hutafuta nasaba; basi wakubwa wakakutana, wakaunda kamati, nayo kamati ikaazimia kwamba ukoo uandikiwe kitabu.

Kamati ilikuwa na bidii ya ajabu, maana ilipitisha hitimisho kabla ya kumtafuta mwandishi. Walikubaliana kwamba ukoo ulikuwemo ziwani tangu siku maji yalipoumbwa, kwamba ndugu hawakupata kugombana hata mara moja, na kwamba waliokufa wote walikufa kwa uzee, wamezungukwa na watoto. Kilichosalia, alisema mwenyekiti, ni kujaza katikati. Kazi ya kujaza katikati akapewa Mjukuu, binti mwenye mwandiko mzuri na asiye na cheo chochote, sifa mbili ambazo wakubwa hufurahi kuzikuta mahali pamoja.

Yafaa msikilizaji ajue kwamba sambaza haishi miaka mingi. Kizazi hupita upesi, na kumbukumbu hupokezwa mdomo kwa mdomo, mara nyingi kilio kikifika salama na kisa chake kikipotelea njiani. Ndiyo maana kila sambaza alipokaribia mlango wa Ruzizi, maji yanapoanza kuvuta kwenda kusini, alishikwa na uchungu wa ubavuni asioujua chanzo chake. Wengine walilia, wengine waliwagombeza watoto bila sababu. Kamati ilikuwa na maelezo: ni baridi.

Mjukuu akamwendea Koko, ajuza aliyekaa peke yake pembezoni mwa ufukwe wa Nguba, chini ya jiwe alilokataa kuhama. Koko alikuwa na mazoea ya wazee wa ukoo ule, kusema "sisi" hata kwa mambo yaliyowapata mama wa mama zake, ikawa si rahisi kujua anasimulia aliyoyaona au aliyorithi.

"Koko, nimetumwa kuandika jinsi tulivyoumbwa pamoja na ziwa hili."

"Nani aliyeumbwa na ziwa hili?" Koko akacheka mpaka mapezi yakatetemeka. "Mwanangu, sisi tulibebwa."

Ndipo akasimulia. Wanaopenda tarehe husema ilikuwa mwaka 1959: watoto wa samaki walichotwa kutoka Tanganyika, ziwa ambalo Ruzizi hulishukia, mita zipatazo 700 chini, wakapandishwa ndani ya vyombo vya maji vilivyotikisika njia nzima, wakamwagwa Kivu ili watu wa juu wapate kitoweo. Wala hawakuja peke yao. Walikuja na binamu zao Ndagala, ambao kwa kweli ndio waliotazamiwa zaidi kustawi, wapole, wembamba kuliko wao, waimbaji.

"Nao Ndagala wako wapi sasa, Koko?"

Ajuza alinyamaza muda mrefu. "Hakubaki hata mmoja," akasema. "Usiniulize walikufaje. Niulize mwaka ule tulikula nini."

Mjukuu hakuuliza. Lakini jioni ile alimtazama Koko akila, akaona jambo aliloliona tangu utotoni bila kulitilia maanani: kila kilichoelea mbele yake, hata kijidudu kisicho na macho, Koko hukisukuma kwanza kando kwa ncha ya mdomo, akakigeuza, akakitazama usoni, ndipo akameza. Watoto wa ukoo walikuwa wakimwiga kwa mzaha. Sasa mzaha huo ukamkaba binti kooni.

Akakaa na kurasa zake. Mara ya kwanza alimwandika Koko muuaji, na maneno yakamiminika, kwa kuwa hasira ni mwandishi mwepesi. Aliposoma akaona aibu, akafuta, akamwandika mtakatifu aliyeteseka kimya. Hapo sentensi zikawa tamu hata zikamchefua. Yule wa kwanza hakuwa Koko, na huyu wa pili hakuwa mtu kabisa. Ikambidi arudi kwenye lile la kusukuma kando na kutazama, aliandike hivyo hivyo, bila kusema lina maana gani. Kwa maoni yangu ndiyo sentensi pekee ya kitabu kile iliyostahili wino, ingawa mimi ni msimuliaji tu na sikuulizwa.

Akahitaji mashahidi. Mzee Kambale, mwenye ndevu na mwenyeji wa matope ya Kivu kwa vizazi visivyohesabika, alikiri kwamba aliwaona wakimwagwa, na kwamba tangu siku hizo vijidudu vya maji vilipungua sana, jambo ambalo majirani walilalamikia chinichini. Ila alicheka aliposikia habari ya wenyeji wa tangu kuumbwa. "Hata ziwa lenyewe," akasema, "zamani za zamani maji yake yalikwenda kaskazini, kuelekea Nili, mpaka milima ya moto ya Virunga ilipoziba njia, yakajaa, yakafurika kusini, ndipo Ruzizi ukazaliwa. Nani humu amekaa pale alipoanzia?" Na Mbayuwayu, aliyekuja na mvua kutoka Ulaya na kujua mambo ya pwani nyingi, alimsimulia kisa cha Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, aliyechapisha kumbukumbu zake Berlin mwaka 1886, akaeleza nyumba ya baba yake ya Mtoni, masuria na watoto, na namna ndugu zake Majid na Barghash walivyogombea kiti. "Naye hakujiweka kando," alisema Mbayuwayu. "Katika njama ya mwaka 1859 alikuwa upande wa Barghash, karani wa waasi dhidi ya kaka yake mwenyewe, na akaliandika hilo kwa mkono ule ule."

Siku ya kuusoma muswada ikafika, nayo ndiyo siku ninayopenda kuisimulia polepole. Mwenyekiti aliposikia "1959" alishtuka kama aliyetukanwa. Akasema tarehe hiyo inaufanya ukoo uonekane mchanga, iandikwe "zamani". Mweka hazina akauliza neno "kubebwa" lina faida gani kwa vijana. Likawa "kuwasili", kisha kwa busara zaidi likawa "kuwapo". Juu ya Ndagala mjadala ulichukua adhuhuri nzima. Mmoja alipendekeza kwamba walihama kwa hiari. Mcha Mungu wa kamati akapendekeza kwamba Mungu aliwapenda zaidi. Wa tatu, msomi, akasema Ndagala hawakuthibitishwa kuwapo, na penye shaka hapaandikwi. Shangazi mmoja, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, alisomewa sentensi ile ya Koko anavyokula. Akageuka kando, mabega yakamtikisika, kila mtu akamwona na kila mtu akatazama juu. Kura ilipopigwa, alikuwa wa kwanza kuinua pezi lake ili sentensi ifutwe. Mwisho wakafika kwenye ushahidi wa Kambale, na kwa kuwa ulikuwa wa jirani na si wa ukoo, walidhani hauwahusu, hadi msomi alipotanabahisha kwamba ziwa likigeuka, kila kitu chaweza kugeuka. Basi ikapitishwa kwa kauli moja kwamba Kivu halijapata kutiririka kaskazini.

Nafasi iliyopatikana kwa kufuta ikajazwa na sura za utoto wa mwenyekiti.

Ila kitabu hakiwi kitabu bila mhariri, na kamati ikamteua Mnandi, ndege mweusi aanikaye mbawa zake juu ya miamba ya Nguba mithili ya padri anayebariki, kwa hoja kwamba hapakuwa na aliyeujua ukoo ule kwa ndani kuliko yeye. Hoja hiyo haikuwa na kosa. Mnandi aliupokea muswada kwa unyenyekevu, akaupitia mara moja, akaurudisha ukiwa mwepesi zaidi. "Kazi nzuri," akasema. "Kitabu cha familia kiwe cha kumezwa bila mwiba." Kamati ikaguswa na maneno hayo hata ikayaweka kwenye jalada.

Uzinduzi ukapangwa usiku wa giza, mwezi umekufa. Mjukuu aliyemwaga jasho hakualikwa. Usiku ule alikuwa kwenye mlango wa Ruzizi na Koko, ambaye kwa mara ya kwanza alikubali kuyataja majina ya Ndagala, moja moja, akikosea, akirudia. Lile la saba lilimgharimu muda mwingi kuliko yote. Alipolitamka aliuma kwanza maji matupu. Mjukuu aliandika mpaka uchungu wa ubavuni ukawa mahali fulani, si kila mahali.

Huku nyuma, juu ya kamati, taa zikawaka. Mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu ilikuwa imetoka ufukweni, na wavuvi, wakipiga makasia, waliimba. Mwenyekiti alitokwa na machozi. Hakujua kwamba habari za kitabu zilikuwa zimefika juu kiasi cha kuletewa taa na kwaya. Akawaamuru wajumbe wote wapande karibu na mwanga, kwa kufuata vyeo, akafungua ukurasa wa kwanza. Aliposoma neno "zamani", wavu ukainuka kutoka chini.

Asubuhi Kadutu ilikula vizuri. Kamati ilipimwa kwa sahani, ikaliwa na bugali, na nasikia mwenyekiti mwenyewe hakuhesabiwa ndani ya kipimo; mama muuzaji alimtupia juu, nyongeza ya mteja wa kila siku.

Ukoo haukukaa bila viongozi. Kabla ya jua kuchwa ilikuwa imeundwa kamati mpya, iliyopania kutoa chapa ya pili iliyosahihishwa, ambamo wajumbe wa awali wangeandikwa kuwa "wamepanda ngazi". Wakamwita Mjukuu, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa bado mzuri. Akaja na kurasa zake zote, zile za kufutwa na zile za majina, akaziweka mbele yao, akasema yuko tayari, ila kwanza ajibiwe swali moja: jana usiku, kati yao waliosalia, ni nani aliyeziona taa akajua ni taa za nini, akanyamaza?

Kamati ikaahirisha kikao, ili ijadili kama swali hilo liingizwe katika kumbukumbu za mkutano.