Piga Dawa, Vuna Ukungu: Mwongozo kwa Mkulima wa Nyanya Asiyeridhika na Hasara Ndogo

Nyanya ya masika ina bei. Hilo halihitaji bwana shamba, muulize yeyote anayelima Ilula au Lushoto. Ina bei kwa sababu ni wachache wanaoifikisha sokoni: mvua haikatiki, majani hayakauki mpaka saa nne asubuhi, na bakajani chelewa huingia shambani bila kupiga hodi. Ikipata ubaridi wa nyuzi 15 hadi 22 na majani yaliyoloa, inaweza kumaliza shamba zima ndani ya wiki mbili. Wapo wanaoona wiki mbili ni nyingi. Mwongozo huu ni wao. Ukiufuata bila kuruka hatua, utapiga dawa kuliko majirani wote na utavuna mabua.

Hatua ya 1: Usihangaike kuujua ugonjwa

Jani likinyauka, likijikunja au likiota doa, jibu ni moja tu: ukungu. Kuna wajuaji watakaokuambia kwamba bakajani tangulia huanzia majani ya chini na madoa yake yana duara ndani ya duara, na kwamba bakajani chelewa huleta mabaka ya kahawia yenye majimaji, na asubuhi na mapema ukiligeuza jani unaona utando mweupe upande wa chini. Usiligeuze. Watakuambia pia kwamba kimelea cha bakajani chelewa si ukungu halisi, kwa hiyo dawa kama kabendazimu haikigusi. Wewe kanunue hiyohiyo.

Mmea ukinyauka ghafla ungali kijani, watakushauri ukate shina, utumbukize kipande kwenye glasi ya maji safi na usubiri dakika chache. Ukitiririka uzi mweupe wa majimaji, huo ni mnyauko bakteria, na hakuna dawa ya ukungu itakayouweza. Glasi iache kabatini. Piga dawa hapo, piga na kwenye rasta, ambayo ni virusi vinavyosambazwa na nzi weupe, piga na kwenye nyanya zilizooza kitako kwa kukosa kalisi na umwagiliaji wa mpangilio. Zote zitaendelea kuumwa, ila zitaumwa zikiwa zimepakwa unga.

Hatua ya 2: Subiri mpaka shamba liwe jeusi

Dawa nyingi za bei nafuu, kama mankozebu na zile za kopa, ni za kukinga. Hukaa juu ya jani na kuua mbegu za ukungu kabla hazijapenya. Kimelea kikishaingia ndani hazikifuati. Ni mlinzi wa getini, na mwizi akishakuwa chumbani mlinzi huyo anabaki kumsikiliza tu. Basi mwajiri mlinzi baada ya kuibiwa. Zipo dawa zinazopenya ndani ya mmea, kama metalaksili, lakini hata hizo hazifufui jani lililokwisha kufa. Ndiyo maana inafaa kusubiri life.

Usiwaige wenye mizabibu wa Bordeaux, Ufaransa. Wao walikuwa wakipaka mrututu na chokaa kwenye mizabibu ya kando ya barabara ili wapita njia wasitamani zabibu. Mwaka 1882 mtaalamu wa mimea aitwaye Millardet aliona kwamba mizabibu hiyo imebaki na majani huku ya ndani ikipukutika kwa ubwiri, na mwaka 1885 akautangaza mchanganyiko huo. Watu wale walipaka mapema, tena bila hata kujua wanazuia nini. Haraka ya namna hiyo haina nafasi katika mwongozo huu.

Hatua ya 3: Pima kwa kizibo

Nunua dawa ya kupimiwa kwenye kifuko cha nailoni. Haina lebo ya kukusumbua wala namba ya usajili ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Ukilazimika kununua yenye lebo, usiisome. Lebo ikisema gramu 50 kwa lita 20, bomba lako la lita 16 linahitaji gramu 40, na hapo umeshaingizwa darasani. Kizibo cha soda kinatosha: kimoja siku ya kawaida, vitatu siku ya hasira.

Kisha changanya. Dawa ya ukungu, dawa ya kanitangaze, busta ya majani, vyote bomba moja. Hutakuwa peke yako: utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania ulikuta karibu theluthi yao wanachanganya dawa. Mchanganyiko ukiganda chini kama mtindi, koroga kwa mkono mtupu.

Hatua ya 4: Badilisha pakiti, usibadilishe dawa

Umesikia kwamba dawa moja ikirudiwarudiwa ukungu huizoea. Ni kweli. Metalaksili ilipotumika kwenye viazi vya Ulaya, kufikia mwaka 1980 bakajani sugu ilikuwa imejitokeza Ireland na Uholanzi, na leo kwa kawaida huuzwa ikiwa imechanganywa na mankozebu. Basi fanya hivi: wiki hii nunua pakiti nyekundu, wiki ijayo ya kijani, wiki ya tatu ile yenye picha ya nyanya inayong'aa. Nyuma ya zote tatu, kwa maandishi madogo, imeandikwa mankozebu asilimia 64 na metalaksili asilimia 8. Umebadilisha picha, na ukungu hausomi picha.

Hatua ya 5: Piga kwa madaha

Muda mzuri ni saa saba mchana upepo ukivuma, au jioni wingu likiwa limeshatanda, ili mvua ikusaidie kusuuza majani. Vaa kaptula na kandambili. Elekea upepo unakotoka, upate na wewe kinga. Nozeli iliyochakaa ndiyo bora, inadondosha matone makubwa yanayobingirika hadi chini. Nyunyiza juu ya majani pekee. Upande wa chini, ule wenye utando mweupe, ni faragha ya ukungu. Ukimaliza, osha bomba mtoni. Mankozebu ni sumu kali kwa samaki, lakini samaki hawalimi nyanya.

Hatua ya 6: Piga asubuhi, vuna mchana

Lebo ina siku za kusubiri kati ya kupiga na kuvuna. Dalali naye ana Fuso linaondoka leo. Msikilize dalali. Ule unga mweupe kwenye nyanya usiufute, maana wapo wanaouchukulia kuwa ushahidi kwamba mzigo utakaa. Usiwasimulie kwamba Desemba 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuidhinisha upya mankozebu, miongoni mwa sababu ikiwa madhara yake kwa uzazi na homoni. Nyanya ya tenga hili haiendi Ulaya. Inakwenda kwenye kachumbari, bila kupikwa.

Hatua ya 7: Tafuta wa kumlaumu

Laumu mwenye duka la pembejeo, laumu mbegu, laumu mvua. Kisha rudi duka lilelile ukaombe kitu kikali zaidi.

Angalizo la mwisho

Kila eneo lina mkulima mmoja wa kuepukwa. Amepanda kwa nafasi na kufunga nyanya kwenye vijiti ili hewa ipite. Amepunguza majani ya chini yanayogusa udongo. Anamwagilia shinani asubuhi. Palipokuwa na nyanya, viazi au bilinganya msimu uliopita, mwaka huu ameweka mahindi. Anakagua shamba mapema, anang'oa mche unaoumwa, anapiga dawa ya kinga kabla mvua haijakolea, na ya kupenya anaitunza kwa siku mbaya. Ana miwani ya kusomea lebo na daftari la tarehe. Huyo msalimie, upite. Ukizoea kukaa naye, msimu ujao utajikuta unanunua pakiti tatu badala ya kumi, na mwenye duka atakuuliza, kwa masikitiko ya kweli, kama umeacha kulima.